MJADALA BAADA YA ONYESHO: NANI AANZE KUSEMA?

Utangulizi

Katika idara nyingi za Kiswahili za Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo, kuigiza tamthilia ni sehemu ya kawaida ya mwaka wa masomo. Aidha, tangu UNESCO ilipotangaza mwezi Novemba 2021 kwamba Julai 7 iwe Siku ya Kiswahili Duniani, idara hizo zimepata sababu nyingine ya kupanda jukwaani kila mwaka. Wanafunzi hukariri sehemu zao kwa wiki kadhaa, hucheza, na hupigiwa makofi. Kisha mshereheshaji hutangaza kwamba sasa ni zamu ya jopo. Mtaalamu wa fasihi hueleza dhamira na wahusika. Mtaalamu wa isimu hutaja makosa ya upatanisho wa kisarufi aliyoyasikia. Baada ya hapo watazamaji huulizwa kama wana swali, na mara nyingi hakuna mkono unaonyooshwa.

Makala haya yanahusu kipindi hicho kifupi kinachofuata onyesho. Hoja yetu ni kwamba kimya cha watazamaji hakitokani na kukosa la kusema, wala si dalili kwamba hawajui Kiswahili. Chanzo chake mara nyingi ni mpangilio wa jopo lenyewe: nani amepewa nafasi ya kusema kwanza, ameulizwa swali gani, na Kiswahili cha namna gani kinakubaliwa ukumbini. Tutaanza kwa kueleza aina za majopo, kisha tutaangalia mfano mmoja wa Marekani ambao umefanyika ana kwa ana na pia mtandaoni. Baadaye tutarudi Afrika Mashariki na kupendekeza namna ya kupanga mjadala wa aina hii katika idara zetu.

Jopo la baada ya onyesho ni nini?

Mjadala wa baada ya onyesho ni mazungumzo yanayofanyika palepale palipoigizwa, mara tu igizo linapokwisha, kati ya watazamaji na watu wachache waliochaguliwa kuyaanzisha. Watu hao wachache ndio jopo. Tunaweza kugawa majopo katika aina tatu kwa kuangalia nani anaketi mezani.

Aina ya kwanza ni jopo la wasanii. Hapa mwandishi, mwongozaji na waigizaji hukaa mbele na kuulizwa maswali juu ya kazi yao. Kumbi nyingi za Ulaya na Marekani zina desturi hii, na ukumbi wa Steppenwolf wa mjini Chicago umejulikana kwa kufanya mazungumzo na watazamaji baada ya maonyesho yake yote, si ya siku ya ufunguzi peke yake. Katika jopo la namna hii mtazamaji anakuwa muulizaji.

Aina ya pili ni jopo la wataalamu. Kama igizo linahusu ugonjwa, daktari huitwa. Kama linahusu mirathi, mwanasheria huitwa. Katika vyuo vikuu anayeitwa ni mhadhiri. Jopo hili lina faida pale ambapo watazamaji wanahitaji taarifa, lakini mtazamaji anageuka kuwa mwanafunzi darasani, na mwanafunzi husubiri kuambiwa.

Aina ya tatu ni jopo la wanajamii. Wanaoketi mezani ni watu waliopitia jambo lililoigizwa: mjane, askari mstaafu, mkimbizi, muuguzi wa zamu ya usiku. Hawakuitwa kueleza tamthilia. Wameitwa kusema walichokisikia ndani yake. Mtazamaji anapowasikia hujiona kuwa naye ni shahidi, na shahidi ana la kusema.

Ifahamike kwamba jopo si kitu kimoja na jukwaa la mjadala la Augusto Boal (1931–2009), yule mwanatamthilia wa Brazili. Katika utaratibu wa Boal mtazamaji husimamisha igizo, hupanda jukwaani na kujaribu kubadili mwenendo wa tukio kwa kuigiza mwenyewe. Katika jopo igizo limekwisha na linabaki kama lilivyo. Kinachobadilika ni mazungumzo yanayolihusu.

Mfano wa Marekani: Sophocles mbele ya wanajeshi

Bryan Doerries ni Mmarekani anayetafsiri na kuongoza tamthilia za Kigiriki. Mwaka 2008, wakati nchi yake ikiwa katika vita vya Iraki na Afghanistani, alipeleka mbele ya wanajeshi wa majini na wake zao, mjini San Diego, vipande vya tamthilia mbili za Sophocles: Ajax na Philoctetes. Ya kwanza inahusu shujaa anayenyimwa heshima aliyoitegemea, anayerukwa na akili, anayechinja mifugo akidhani ni makamanda waliomdhulumu, na ambaye hatimaye anajiua. Mkewe Tecmessa anaona dalili zote lakini hawezi kumzuia. Ya pili inahusu askari aliyeumwa na nyoka, ambaye wenzake walimtelekeza kisiwani kwa miaka mingi kwa sababu hawakuvumilia harufu ya kidonda chake na kelele zake za maumivu.

Sophocles hakuwa mgeni wa mambo ya vita. Yeye mwenyewe alichaguliwa kuwa mmoja wa majenerali wa Athens katika karne ya 5 kabla ya Kristo, na tamthilia zake ziliigizwa mbele ya raia ambao wengi wao walikuwa wamepigana au walitarajia kupigana. Jambo jingine la kukumbukwa ni kwamba baada ya tamasha kubwa la Dionysus kumalizika, raia wa Athens walifanya mkutano rasmi ndani ya ukumbi uleule wa maonyesho, wakajadili jinsi tamasha lilivyoendeshwa na kusikiliza malalamiko. Kwa hiyo wazo la kubaki ukumbini na kuzungumza ni la kale.

Doerries anasimulia kwamba mjadala wa San Diego ulipangiwa dakika 45 lakini uliendelea kwa zaidi ya saa 3. Mwaka uliofuata, 2009, yeye na Phyllis Kaufman waliunda kundi linaloitwa Theater of War, ambalo limeendelea kufanya maonyesho kambini, hospitalini, magerezani na katika kumbi za umma. Utaratibu wake una hatua tatu, nao ni mwepisi kiasi kwamba idara yoyote inaweza kuufuata.

Kwanza, waigizaji huketi nyuma ya meza na kusoma. Hakuna mavazi maalumu, hakuna mandhari ya jukwaa, na hawasomi tamthilia nzima. Nguvu zote huwekwa katika sauti.

Pili, waigizaji huondoka mezani na wanajopo, kwa kawaida wanne hivi, hukaa katika viti vilevile. Kila mmoja husema kwa dakika chache tu ni kitu gani katika maneno aliyoyasikia kimemgusa, na kwa nini. Hawa hutoka katika jamii ileile inayotazama. Kambini huwa ni askari, wenzi wao, makasisi wa jeshi na wahudumu wa afya.

Tatu, mwongozaji wa mjadala hugeukia ukumbi na kuuliza maswali yanayorejelea mistari iliyosomwa. Swali mojawapo ambalo Doerries amelitumia mara nyingi ni hili: kwa nini mnadhani Sophocles aliandika jambo hili na kulionyesha mbele ya wanajeshi? Katika kitabu chake cha mwaka 2015 anaeleza kwamba kule Ujerumani askari wa cheo cha chini alijibu kuwa Sophocles alitaka kuwapa askari moyo. Doerries akamuuliza ni moyo gani unaopatikana kwa kumtazama shujaa akijiua. Askari yule alijibu, kwa ufupi, kwamba moyo unatokana na kuwa ni kweli tupu, na kwamba wameketi pamoja wakiitazama.

Jibu hilo lilitoka kwa askari mdogo aliyekuwa katika ukumbi mmoja na wakubwa wake. Kama meneno ya kwanza yangetoka kwa kanali, au kwa profesa wa Kigiriki cha kale, askari huyo asingefungua kinywa. Hii ndiyo sababu ya kuwatanguliza wanajopo wa kawaida: wao ndio wanaowaonyesha watazamaji ni kiasi gani cha ukweli kinaruhusiwa kusemwa katika ukumbi ule.

Kundi hili limetumia utaratibu huohuo kwa mambo mengine pia. Mwezi Agosti 2014 kijana Michael Brown aliuawa na polisi katika mji wa Ferguson, jimbo la Missouri. Mwezi Septemba 2016 tamthilia ya Antigone, inayohusu dada anayedai haki ya kumzika kaka yake kinyume cha amri ya mtawala, ilisomwa katika shule ya sekondari ambayo kijana huyo alihitimu. Iliambatana na nyimbo za kwaya iliyowajumuisha walimu na polisi wa eneo hilo. Hapa tena tamthilia ilikuwa fupi na mjadala ulikuwa mrefu.

Kutoka ukumbini hadi mtandaoni

Mwaka 2020 ugonjwa wa UVIKO-19 ulifunga kumbi za maonyesho karibu kila mahali duniani. Tarehe 7 Mei 2020 kundi la Theater of War lilisoma vipande vya Mfalme Oedipus kupitia Zoom, kila msomaji akiwa nyumbani kwake. Miongoni mwa wasomaji walikuwamo Frances McDormand, Oscar Isaac na John Turturro. Chaguo la tamthilia halikuwa la bahati, kwani Mfalme Oedipus inaanza na tauni mjini Thebes na raia wanaomlilia mtawala wao awaokoe. Maelfu ya watu walisikiliza kutoka nchi mbalimbali. Baada ya usomaji wanajopo walizungumza, kisha watazamaji waliotaka kusema walibonyeza alama ya kunyoosha mkono, na waliochaguliwa wakapewa nafasi.

Mtandao ulibadili mambo kadhaa. Kwa upande mmoja, ulivunja mipangilio ya viti. Ukumbini wakubwa hukaa mstari wa mbele na wanafunzi hujibanza nyuma. Kwenye skrini visanduku vyote vina ukubwa mmoja. Mtu anayeogopa kusimama mbele ya watu mia mbili anaweza kuthubutu akiwa chumbani mwake. Kwa upande mwingine, mtandao uliondoa vitu ambavyo msimamizi wa mjadala huvitegemea: kicheko cha pamoja, mguno, mtu anayeinua kichwa ghafla. Ukumbini kimya cha sekunde kumi kina uzito wake. Mtandaoni kimya hichohicho hudhaniwa kuwa simu imekatika.

Huku kwetu gharama iliongeza ugumu. Shule za Uganda zilifungwa mwezi Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022, na Julai 2021 nchi hiyo ilianza kutoza ushuru wa asilimia 12 kwa matumizi ya intaneti. Mwanafunzi aliyetaka kushiriki mjadala wa saa moja na nusu kwa picha alihitaji bando ambalo wengi hawakuwa nalo. Hivyo tusiseme tu kwamba mtandao unafungua mlango kwa kila mtu. Unawafungulia wenye bando, na ni kazi ya mwandaaji kuwafikiria wasio nalo.

Wanaopinga majopo

Si wanatamthilia wote wanaopenda mijadala hii. Mwaka 2017 iliripotiwa kwamba David Mamet, mwandishi wa tamthilia ya Oleanna, aliweka sharti katika mkataba wa kuigiza kazi zake: pasifanyike mjadala wowote wa hadhara ndani ya saa 2 baada ya onyesho, na atakayekiuka atozwe faini ya dola 25,000. Sharti hilo lilijulikana baada ya kikundi kidogo cha eneo la Detroit kulazimika kufuta mjadala wake.

Wanaounga mkono msimamo wa namna hii hudai kwamba tamthilia nzuri hujitosheleza, na kwamba mazungumzo ya haraka humnyang'anya mtazamaji nafasi ya kutafakari peke yake njiani akirudi nyumbani. Dai hilo lina ukweli ndani yake, hasa kwa jopo la wataalamu. Mtaalamu akishasema kwamba tamthilia inahusu ukoloni mamboleo, mtazamaji aliyeona ndani yake habari za shangazi yake hujiona amekosea. Hata hivyo, dawa ya jopo baya si kufuta mjadala, kwani katika nchi zetu watazamaji wengi hawana mahali pengine pa kuzungumza hadharani juu ya mambo haya. Dawa ni kulipanga jopo upya ili lisitoe tafsiri ya mwisho.

Mizizi ya kwetu

Msomaji anaweza kudhani kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Sivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanatamthilia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Penina Mlama, walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza. Walianza kwa kuchunguza matatizo ya kijiji pamoja na wanakijiji. Tatizo lililojitokeza waziwazi ni la wasichana wadogo kupata mimba. Vijana walilitengenezea maonyesho kwa kutumia ngoma na sanaa walizozijua, na baada ya onyesho kijiji kilijadili. Katika tamthilia kwa maendeleo ya aina hii mjadala ni hatua kamili ya kazi, sawa na uchunguzi na maigizo, kwa sababu hapo ndipo jamii huamua itafanya nini.

Mfano mwingine ni wa Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru nchini Kenya, ambako mwaka 1977 wanakijiji waliigiza tamthilia ya Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Huko mazoezi yalifanywa hadharani, na yeyote aliweza kusimama na kutoa maoni. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza kwamba wanakijiji ndio waliowasahihisha wasomi: waliwaonyesha kwamba mzee haongei namna ile, na kwamba usemi wa mzee una staha na methali zake. Serikali iliondoa kibali cha maonyesho mwezi Novemba mwaka huohuo, na mwisho wa Desemba mwandishi huyo akakamatwa na kuwekwa kizuizini.

Tuutazame mwelekeo wa sahihisho katika Kamĩrĩĩthũ. Mwenye lugha alikuwa mkulima, na msomi ndiye aliyekuwa mwanafunzi. Katika majopo ya idara zetu mwelekeo ni kinyume, na hapo ndipo penye tatizo.

Kupanga jopo katika idara ya Kiswahili

(a) Igizo. Chagua kipande cha dakika 30 hadi 40 badala ya tamthilia nzima, ili muda wa mjadala usiwe makombo. Maandishi yapo. Samuel Mushi alitafsiri Mfalme Edipode wa Sophocles kwa Kiswahili tangu zamani, kwa hiyo hata mfano wa Doerries unaweza kufanyika kwa lugha yetu. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein inaibua swali la kiongozi ambaye neno lake limemtoka na halirudi tena. Nguzo Mama ya Penina Mlama inaonyesha wanawake wa kijiji wakihangaika kusimamisha nguzo.

(b) Wanajopo. Chagua watatu au wanne, na angalau wawili wasiwe wahadhiri. Kwa Nguzo Mama, mwite mama kutoka chama cha kuweka na kukopa. Kwa Kinjeketile, mwite mzee aliyewahi kuwa kiongozi wa mtaa au wa kanisa. Wape muda wa dakika nne kila mmoja, na uwaambie mapema kwamba hawatahojiwa juu ya fasihi. Mhadhiri akiwepo, aseme mwisho.

(c) Maswali. Swali linaloanza na neno "dhamira" humrudisha mwanafunzi kwenye chumba cha mtihani, ambako jibu sahihi ni moja na mwenye nalo ni mwalimu. Badala ya kuuliza, "Dhamira kuu ya tamthilia hii ni ipi?", uliza, "Ni maneno gani umeyasikia jukwaani leo ambayo umewahi kuyasikia nyumbani kwenu?" Badala ya "Mhusika mkuu ana sifa gani?", uliza, "Ungekuwa jirani yake, ungemwambia nini jioni ile?" Baada ya kuuliza, nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi na tano kabla ya kuongeza neno. Wasimamizi wengi huua mjadala kwa kujijibu wenyewe.

(d) Kazi ya mwanafunzi. Kama tamthilia imeandikwa na mwanafunzi, utaratibu wa Liz Lerman, mcheza dansi wa Marekani, utafaa zaidi. Una hatua nne. Kwanza watazamaji wanasema kilichowagusa. Pili mwandishi anawauliza watazamaji maswali yake. Tatu watazamaji wanamuuliza mwandishi maswali yasiyobeba hukumu ndani yake. Nne, mwenye maoni anataja maoni yake yanahusu nini, na kuyatoa baada ya mwandishi kuruhusu. Hivyo mwandishi chipukizi hasikii hukumu kabla ya kusikia kwamba amesikilizwa.

(e) Lugha. Hili ndilo jambo zito kuliko yote kwa idara zetu. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha hatua kama hiyo Julai 2022. Hata hivyo, kwa wazee wengi wa Kampala Kiswahili bado kinakumbusha sauti ya askari wa enzi za Idi Amin, na kwa vijana wengi ni somo la kufaulu au kufeli. Papo hapo, wapo watu wanaokiishi kila siku, wakiwamo wakimbizi wa Kongo walioko Nakivale, Kyangwali na Kyaka II. Kiswahili chao kina "batoto" na "bantu" mahali pa "watoto" na "watu", kina Kifaransa kidogo, na kina habari ambazo hakuna kitabu cha kiada kilichoziandika.

Tuchukulie kwamba mama mmoja wa huko amesimama na kuanza kueleza jinsi batoto wake walivyoacha kulala usiku, na mwanajopo akamkatiza kwa kusema, "Sema watoto." Mama huyo atakaa. Pamoja naye watakaa wanafunzi ishirini waliokuwa wanajipa moyo wa kusimama, kwani wote wamejifunza kwamba ukumbini panapimwa ngeli za nomino. Tumeokoa kiambishi kimoja na kupoteza mjadala mzima.

Kwa hiyo tunapendekeza kanuni tatu. Kwanza, pasiwe na sahihisho la lugha siku ya onyesho. Mwalimu aandike anachokisikia, akifundishe darasani wiki inayofuata bila kutaja jina la mtu, na aeleze pia ni kipi katika alivyovisikia ambacho ni kosa la mwanagenzi na kipi ni lahaja ya watu. Pili, msimamizi arudie kwa kifupi kiini cha kilichosemwa, kwa Kiswahili sanifu cha kawaida, kwa ajili ya walioko nyuma: "Mama anatuambia kwamba tangu siku ile watoto hawalali." Mwanafunzi atasikia umbo sanifu bila mtu kuaibishwa. Tatu, anayeshindwa na Kiswahili aruhusiwe kusema kwa Kiganda, Kinyarwanda, Kirundi au lugha nyingine, na mwanafunzi wa mwaka wa tatu atafsiri papo kwa papo. Hilo ni zoezi la ukalimani ambalo hatuwezi kulipata darasani.

(f) Mtandao. Mjadala wa ana kwa ana na wa mtandaoni vikiunganishwa, weka wasimamizi wawili: mmoja wa ukumbi na mwingine anayeshughulika na walioko mbali tu. Wapeane zamu, mchango mmoja wa ukumbini na mmoja wa mtandaoni, la sivyo walioko mbali watageuka wasikilizaji wa redio. Kila anayesema ukumbini ashike kipaza sauti, hata kama sauti yake inasikika vizuri, kwa sababu wa mbali hawamsikii bila hicho. Mtandao ukidhoofika, zima picha na ubaki na sauti. Wasio na bando la kutosha watume mapema ujumbe wa sauti wa dakika moja kwa WhatsApp, nao uchezwe ukumbini kama mchango mwingine wowote. Mwisho, tangaza kabla ya kuanza kama mjadala utarekodiwa. Mtu anaweza kuwaambia watu mia moja jambo ambalo hangependa liwe kwenye simu ya kila mtu, kwa hiyo ni vyema kurekodi igizo na kuacha mjadala bila kurekodiwa.

Hitimisho

Tumeona kwamba jopo la baada ya onyesho linaweza kuwa mtihani wa pili au linaweza kuwa mlango, na kwamba tofauti hutokana na mambo madogo yanayoamuliwa kabla ya watazamaji kuingia: viti vinne, dakika nne, swali la kwanza, na kanuni ya kutosahihishana. Kwa mwalimu wa lugha, mambo hayo yana uzito zaidi kuliko kwa mwendesha ukumbi. Jukwaani mwanafunzi anasema Kiswahili alichoandikiwa na mtu mwingine. Katika mjadala anasema Kiswahili chake, akiwa na sababu ya kukisema, mbele ya mtu anayetaka kusikia. Saa nyingi za masomo yetu zinamwandaa kwa dakika hizo chache.

Idara itakayojaribu utaratibu huu Julai 7 ijayo inaweza kuupima kwa njia rahisi. Mwanafunzi mmoja akae nyuma ya ukumbi na karatasi, ahesabu watu waliozungumza ambao si wahadhiri wala wanajopo, na aandike lugha au lahaja waliyoitumia. Mwaka unaofuata hesabu hiyo irudiwe. Tungependa kuchapisha matokeo hayo katika jarida hili, hata kama mwaka wa kwanza waliosimama watakuwa watatu tu.